"NI NGOZI TU," ALISEMA JIRANI YANGU

Mwezi wa Novemba katika skimu za Trans Nzoia na Uasin Gishu ni mwezi wa panga. Mahindi yamekauka, nayo hukatwa karibu na ardhi na kusimamishwa kwa mafungu ili yapigwe na jua na upepo. Kila mwenye mikono yumo shambani: baba, mama, vijana waliofunga shule, na vibarua pia. Panga zimenolewa asubuhi, watu wamejipanga kwa mistari, na hakuna atakaye kuachwa nyuma. Ni mwezi wa furaha, lakini pia ni mwezi wa majeraha.

Mwaka 2022, mwezi huo huo, jirani yangu alikuwa akikata mahindi pamoja na mtoto wa nduguye. Walikuwa wamekaribiana mno. Kijana alipolirudisha panga nyuma ili akate tena, ncha yake ikamshukia mzee katika mkono wa kuume, upande wa mbele, kama vidole vitatu juu ya kiwiko, yaani pale mkono unapokunjwa.

"Baba mkubwa, nimekuumiza!" kijana akalia.

"Nyamaza, mwanangu. Ni ngozi tu," mzee akajibu, akavua shati na kujifunga.

Damu ilitoka nyingi kisha ikapungua. Akapanda bodaboda mpaka sokoni, akashonwa nyuzi saba na mtu mwenye duka la dawa, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Jioni tulipomwendea kumpa pole alikunja mkono mbele yetu sote. "Mwaona?" akasema. "Unakunjika. Nimepona."

Hakuwa amepona. Wiki ya tatu, jeraha likiwa limefunga vizuri, alianza kuona mambo ya ajabu. Ufunguo wa kufuli la ghala hakuweza kuuzungusha kwa mkono wa kuume. Akikamua ng'ombe wa pili, mkono ulichoka kama mkono wa mtoto. Ngozi ya upande wa nje wa kigasha, ule unaoelekea dole gumba, ilikuwa na ganzi. Na kila alipokunja mkono, nyama ya mbele ilijikusanya juu karibu na bega kama ngumi, huku pale chini penye kovu pakabaki shimo. Alikwenda hospitali ya kaunti wiki ya sita. Daktari alimtazama, akambonyeza, akamwambia kwamba kano yake ilikuwa imekatika yote tangu siku ile ya kwanza, na kwamba waliomshona walikuwa wameshona mlango wa nyumba huku mwenye nyumba amelala chini ndani.

Nimepata ruhusa yake kuyaeleza haya. Hataki jina lake litajwe, lakini ataka habari ienee, kwa sababu karibu kila mkulima wa skimu ana panga nyumbani, na wengi wetu twajua namna ya kuitibu miguu ya ng'ombe kuliko mikono yetu wenyewe.

KUNA NINI CHINI YA NGOZI

Kila aliyepata kuchinja mbuzi amekwisha kuiona kano. Ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayong'aa, iliyo mwisho wa nyama pale inaposhikana na mfupa. Kisu hupata taabu nayo na mbwa huitafuna siku nzima. Nyama nyekundu ndiyo msuli. Msuli kazi yake ni kujivuta ukawa mfupi. Kano kazi yake ni kuupeleka mvuto ule mpaka mfupani.

Mfano mzuri ni jembe la kukokotwa. Msuli ni ng'ombe, kano ni mnyororo, mfupa ni jembe. Mnyororo ukikatika, ng'ombe hakosi nguvu. Huenda mbele upesi zaidi, lakini jembe limebaki pale pale katika udongo. Ndiyo sababu nyama ya jirani yangu ilipanda juu ikawa kama ngumi. Ng'ombe alikuwa amekwenda zake.

Kati ya bega na kiwiko upande wa mbele kuna misuli miwili mikubwa, mmoja juu ya mwenziwe. Ule wa juu ndio tafu ya mkono, ambao vijana hupenda kuutunisha. Huanzia kwenye mfupa wa bega kwa kano mbili, na chini huishia kwa kano moja nene iliyoshikamana na mfupa wa kigasha. Kazi yake ni mbili: kukunja kiwiko, na kugeuza kiganja kitazame juu, kama mtu anayepokea chumvi au anayezungusha ufunguo. Ule msuli wa chini yake, uliojificha karibu na mfupa, hukunja kiwiko tu.

Hapo ndipo jirani yangu alipodanganyika. Tafu ilikuwa imekatika, lakini msuli uliojificha chini ulikuwa mzima, nao ndio uliokunja mkono ule tuliouona jioni ile. Lakini msuli ule haujui kuzungusha ufunguo. Kwa hiyo usiseme mkono ni mzima kwa kuwa umekunjika.

Upande wa nyuma kuna msuli mmoja mkubwa wenye vichwa vitatu, ambao kano yake imeshika ncha ya kiwiko, ile tunayoiegemeza mezani. Huo hunyoosha mkono. Bila huo huwezi kusukuma wilbaro wala kupandisha gunia juu ya mkokoteni, wala kuinua jembe juu ya kichwa.

Tena kuna mishipa. Mshipa mkubwa wa damu wa mkono hupita upande wa ndani, ule unaogusa mbavu, ukishuka kutoka kwapani mpaka mbele ya kiwiko. Pamoja nao hushuka mishipa ya fahamu inayotumikia vidole. Mshipa mwingine wa fahamu huzunguka nyuma ya mfupa, katikati ya mkono wa juu, na huo ndio unaoinua kifundo cha mkono na vidole. Ukikatika, kiganja huning'inia kama jani la mgomba lililonyauka. Kwa hiyo jeraha la upande wa ndani ni la kuogopwa kwa ajili ya damu, na jeraha la nyuma ni la kuogopwa kwa ajili ya fahamu.

KWANZA NI DAMU

Mtu akikatwa, mambo ya kano yangoje. Damu kwanza.

Mkalishe chini au mlaze. Chukua kitambaa safi kilicho karibu, leso, shuka, hata shati, ukikunje kiwe kinene, ukibandike juu ya jeraha na ubane kwa kiganja kwa nguvu zako zote. Usibane kama mtu agusaye chapati kuona kama imeiva. Bana kama mtu azibaye bomba la maji lililopasuka. Kaa hivyo dakika 10 kamili bila kufunua. Kosa kubwa la watu wetu ni kuchungulia kila mara, maana kila ukifunua unaibandua damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, ubane zaidi mahali hasa inapotoka damu. Jeraha likiwa lina shimo refu, kitambaa safi kisindikwe ndani ya shimo lenyewe, kisha ubane juu. Ikipungua, funga kitambaa kwa bendeji au kipande cha leso, kishike imara.

Kama kuna kitu kilichokwama ndani ya nyama, kipande cha chuma au cha mti, usikichomoe. Huenda ndicho kizibo. Bana pande zake mbili, ukifunge kisitikisike, umpeleke hivyo hivyo.

Kuna damu isiyosikia kubanwa. Huruka kwa mapigo, nyekundu sana, na kitambaa kinalowa mara moja. Hapo ndipo pa kufunga mkono kwa kamba ya kuzuia damu, nayo ifungwe juu ya jeraha, upande wa bega, siyo chini yake. Tumia kitu kipana, kama vidole vitatu au zaidi: kitambaa cha nguvu kilichokunjwa au mkanda wa nguo. Waya, kamba ya katani au uzi wa gunia usitumie, maana hukata nyama na mishipa ya fahamu. Zungusha, funga fundo, tia kijiti juu yake, funga tena, kisha uzungushe kijiti mpaka damu ikome kabisa. Ukikaza nusu nusu damu hutoka zaidi kuliko mwanzo. Jeraha likiwa karibu na bega nafasi ni ndogo. Funga juu kabisa kwapani. Kamba hii huuma sana, na mgonjwa atakusihi uilegeze. Usiilegeze. Andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye ngozi yake, na umfikishe hospitali kabla ya saa mbili kupita. Atakayeifungua ni daktari.

VITU VYA KUACHA GHALANI

Wengi wana dawa zao za jeraha. Nimeona majivu, mavi ya ng'ombe, udongo, unga wa kahawa, tumbako, mafuta ya taa, sukari, na majani ya kila namna. Siku hizi imeongezeka ile dawa ya kupuliza ya rangi ya buluu au zambarau ambayo twampulizia ng'ombe aliyejikwaruza, na mafuta ya kupaka chuchu wakati wa kukamua. Zote hizo ziache ghalani. Nyingine huingiza uchafu ndani ya nyama, na nyingine hulipaka jeraha rangi hata daktari asiweze kuona kilichokatika.

Udongo na samadi vina hatari ya namna yake. Humo hukaa mbegu za pepopunda, ambazo zaweza kuishi miaka mingi ardhini. Zikiingia katika jeraha refu lisilo na hewa huzaa sumu inayokaza taya, kisha shingo na mgongo, na mtu hufa akiwa na akili zake zote. Dalili kwa kawaida huonekana kati ya siku 3 na siku 21, pengine baada ya jeraha lenyewe kusahauliwa. Akina mama huchomwa sindano ya pepopunda wanapokuwa na mimba. Sisi wanaume, tukishaacha sindano za utotoni, wengi hatukumbuki tena. Kwa hiyo mwambie muuguzi ukweli: sindano ya mwisho ilikuwa lini, au hujui. Jeraha likiwa chafu na miaka 5 imepita, utachomwa nyingine. Kama hukupata kuchanjwa ipasavyo, utahitaji na ile sindano ya pili ya kinga ya papo hapo, na kurudi kumaliza chanjo.

Jeraha dogo lisilotoka damu nyingi laweza kuoshwa nyumbani kwa maji mengi safi ya kunywa. Hili la nyama iliyofunguka lisichokorwe. Libane, lifunge, twende.

KUJARIBU MKONO KWA UPOLE

Damu ikiisha kutulia, na mkiwa mnangoja gari au pikipiki, mtu mwenye akili tulivu aweza kumwuliza mgonjwa mambo machache. Si kwa ajili ya kujitibu. Ni ili mkifika mjue la kumwambia daktari.

Tazama vidole kwanza. Je, vina joto na rangi kama vya mkono wa pili? Vikiwa baridi na vimeparara, damu haifiki, na hiyo ni haraka ya kwanza. Kisha mwambie afumbe macho, umguse kwa wepesi ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole kidogo, na mgongo wa kiganja kati ya dole gumba na shahada. Mahali pasipo na hisia pametoa ushahidi kwamba mshipa fulani wa fahamu umeumia. Mwambie aseme pia kama ngozi ya kigasha ina ganzi. Jirani yangu angeulizwa swali hilo siku ya kwanza, pengine habari hii isingeandikwa.

Kisha ainue kifundo cha mkono, atawanye vidole, agusishe dole gumba na kidole kidogo. Aweke kiwiko ubavuni, mkono umekunjwa, ageuze kiganja kitazame juu kisha chini. Kwa jeraha la nyuma kuna ujanja mmoja wa kuujua: mkono ukiwa unaning'inia hujinyoosha wenyewe kwa uzito wake, hata msuli ukiwa umekatika. Kwa hiyo mgonjwa aelekeze kiwiko juu, kisha ajaribu kunyoosha mkono kuelekea mbinguni. Akishindwa, kano ya nyuma imo mashakani.

Asijaribiwe kwa kuinua kitu chochote, wala kwa kuvutana na mtu. Kano iliyokatika nusu yaweza kumalizika kukatika kwa jaribio la kijinga. Na kama kujaribu kutawachelewesha hata dakika moja, acheni.

Mkono ufungwe kwa leso iliyotundikwa shingoni. Jeraha likiwa la mbele, kiwiko kikunjwe, maana hivyo ncha mbili zilizoachana hukaribiana. Likiwa la nyuma, mkono ukae umenyooka zaidi, kadiri mgonjwa aonavyo nafuu. Pete na saa zivuliwe mapema kabla ya kuvimba. Tena asile chakula njiani, maana huenda akahitaji nusukaputi siku hiyo hiyo.

MKIFIKA KWA DAKTARI

Zahanati ya skimu yaweza kuzuia damu, kuosha, kuchoma sindano na kuandika barua. Lakini jeraha la mkono wa juu lililopita ngozi na kuonyesha nyama, lipelekwe mahali penye chumba cha upasuaji. Sisemi hivi kwa kudharau wauguzi wetu. Muuguzi mwema ndiye wa kwanza kusema, "Hili si langu, nendeni hospitali ya kaunti." Mwogope yule anayesema kila kitu ni chake.

Mkifika, semeni waziwazi: ajali ilikuwa saa ngapi, ilikuwa na panga au bati au mashine, na mkono umeshindwa kufanya nini. Kisha ulizeni kwa adabu, "Daktari, je, kano na mishipa ya fahamu imetazamwa?" Hakuna daktari atakayekasirika kwa swali hilo. Ili kutazama, hutia dawa ya ganzi, huosha kwa maji mengi, hufungua kingo za jeraha na kuchunguza mpaka chini. Pengine atataka picha ya eksirei, kuona kama mfupa umechanjwa au kuna kipande cha chuma.

Kushona kwenyewe ni kazi ya ufundi. Nyama ya msuli haishiki uzi vizuri. Ni kama kushona mkate. Kwa hiyo mpasuaji hutafuta ile ngozi nyembamba nyeupe inayoufunika msuli kama gamba la soseji, akashona hiyo. Kano hushika uzi barabara, lakini ina damu kidogo, na kitu chenye damu kidogo hupona polepole. Ikiwa imeng'oka mfupani hufungwa upya kwenye mfupa wenyewe. Jeraha chafu sana, au lililokaa siku nzima au zaidi, daktari aweza kuliosha na kuliacha wazi siku 3 hadi 5 kabla ya kulifunga. Msimlaumu mkidhani amelitelekeza. Kufungia uchafu ndani ni kufungia fisi bandani.

Yote haya huwa mepesi yakifanywa katika siku za kwanza. Baada ya wiki tatu au nne, ncha ya kano imekwisha vutwa juu, imefupika na kunata kwenye nyama za jirani zake. Pengine haiwezi tena kufika mahali pake, nayo huenda ikabidi iungwe kwa kipande cha kano iliyokatwa mahali pengine mwilini. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa jirani yangu Januari 2023: upasuaji mrefu, makovu mawili badala ya moja.

Na fedha? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jueni hilo. Lakini matibabu yafuatayo hugharimu, na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, humsaidia aliyejiandikisha na kulipa kabla ya kuumia. Siku ya damu si siku ya kutafuta kitambulisho.

Neno moja kwa wale waliokatwa katika ugomvi, maana mipaka ya mashamba bado ina maneno katika skimu nyingi. Watu hukaa kituo cha polisi wakisubiri fomu ya P3 huku damu inatoka. Nendeni hospitali kwanza. Fomu itajazwa baadaye, na daktari ataandika alichokiona.

MIEZI BAADA YA NYUZI

Sehemu hii ndiyo inayowashinda wakulima, kwa sababu jeraha huonekana limepona zamani. Nyuzi za ngozi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mtu huona kovu safi, anashika jembe. Lakini chini ya kovu lile kano iko kama mche wa parachichi uliounganishwa juzi: umefungwa, umeshika kidogo, na ukiutikisa utang'oka.

Kuna shimo pande mbili za njia hii. Ukifanya kazi mapema, kano hukatika tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Ukikaa bila kuusogeza mkono kabisa, kano hunata kwenye makovu na kiwiko hukauka kama bawaba yenye kutu. Kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo si mtu wa anasa. Yeye ndiye anayejua lini ukunje kwa msaada wa mkono wa pili, lini ukunje peke yake, na lini ushike kitu. Vidole na bega huanza kusogezwa mapema, hata mkono ungali ndani ya plasta. Kwa kawaida wiki 6 za kwanza mkono ule hauinui kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Kazi nyepesi huanza mwezi wa tatu. Jembe, panga na gunia hungoja mwezi wa 4 hadi wa 6, na anayefungua mlango huo ni daktari, si mvua.

Mshipa wa fahamu ukiwa ulikatika na kushonwa, saburi iongezwe. Hukua kama milimeta 1 kwa siku. Kutoka katikati ya mkono wa juu mpaka vidoleni ni safari ya zaidi ya mwaka. Wakati huo wote ngozi isiyo na hisia hulindwa na moto, maana mtu aweza kuunguza kidole kwenye sufuria asijue mpaka anuse harufu.

Rudi hospitali mara moja ukiona jeraha limekuwa jekundu na moto, linatoa usaha au harufu, au una homa. Vidole vikivimba na kufa ganzi ndani ya bendeji na maumivu yakizidi kila saa. Au taya likianza kukaza.

Katika skimu hiyo hiyo yuko mama mmoja ambaye mwaka 2023 alikatwa na bati. Walikuwa wakiezeka boma la ng'ombe, upepo ukalivua bati mikononi mwa fundi, likamchana nyuma ya mkono juu kidogo ya kiwiko. Mumewe alikuwa amekwisha sikia habari za jirani yangu. Alibana, akafunga, akamwambia ainyooshe mikono yote miwili juu. Mmoja ukanyooka, mwingine ukaanguka. Jioni walikuwa hospitalini, na kesho yake kano ilishonwa. Alifungwa mkono ukiwa karibu kunyooka, tofauti na mwenziwe aliyekatwa mbele. Binti zake na wake wa jirani walimkamulia kwa zamu, na chama cha akina mama kikampalilia viazi. Mwezi wa tano alichukua debe la maji kichwani, akalishusha mwenyewe.

Jirani yangu yeye hakupanda kwa mkono wake Aprili ile. Eka mbili alizikodisha, na maziwa yaliyopelekwa chamani yalipungua nusu kwa miezi mitatu, kwa sababu mkewe alibaki peke yake na ng'ombe wanne. Alirudi kwenye jembe mwezi wa Agosti. Ufunguo wa ghala sasa anauzungusha, ingawa asubuhi za baridi hutumia mkono wa kushoto.

Novemba iliyofuata nilipita shambani kwake wakati wa kukata. Alikuwa amekata mti mwembamba wa mita 3, akausimika mwanzo wa mistari. Kabla mtu hajainua panga, mti ule ulilazwa kati yake na mwenzake, na aliyekuwa ndani ya kipimo alisogezwa. Yule mtoto wa nduguye ndiye aliyeushika.